Zam na Mtu wa Gunia

Mgeni akiingia kibanda cha sinema pale Koboko huuliza mambo mawili: sauti ile kubwa inayotafsiri ni ya mwanamke kweli? Na mkono wake wa kushoto, mbona hauinuki kupita kifua? La kwanza mtajionea wenyewe. La pili sogeeni niwasimulie.

Zam ni Mnubi. Kabla ya sinema alikuwa akiongoza nyimbo za doluka harusini, na mwimbaji wa doluka haimbi hewani, anataja waliomo uani. Atamtaja bwana harusi, shangazi mtu, na yule jirani aliyeleta zawadi ndogo, na kila anayetajwa ama anapiga kigelegele ama anaficha uso. Alipoanza kutafsiri sinema kwa kipaza sauti huku watu wakitazama, huko Awindiri mjini Arua, Zam alibeba desturi hiyohiyo. Jambazi wa ng'ambo akitokea kwenye kioo, anakuwa muuza nyama wa Ajia anayepunja watu kwenye mizani. Daraja likilipuliwa, ni letu. Watu walicheka mpaka machozi, na aliporudi kwao Koboko kufungua kibanda chake, kikajaa wiki ya kwanza.

Mteja wake wa benchi la mbele alikuwa Muzamili, dereva wa boda. Huyo alijua kila bunduki ya sinema, imetoka kiwanda gani, mwaka gani.

"Dada Zam, ile bunduki haikuwepo vita ile! Iko danganya watu!"

"Muzamili, kaa chini. Bunduki iko ua mutu, hata kama mwaka yake iko mubaya."

Basi Jumamosi moja, saa tisa mchana, Zam aliweka filamu ya vita ambayo hata yeye hakuwa ameiona. Askari wanaingia kijijini, wanavunja milango kwa mateke, wanawapanga wanaume mstari. Kisha analetwa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Anapitishwa mbele ya mstari, na akiinamisha kichwa, aliye mbele yake anavutwa pembeni na kupigwa risasi.

Zam alilijua gunia lile. Haboba Kulusum, bibi aliyemlea, alilisimulia mara nyingi: mwaka themanini, askari wa serikali mpya walipoingia kulipiza kisasi na watu wakakimbilia Kongo na Sudani, huko Ludara, kwenye stoo ya tumbaku. Aliyekuwa ndani hakumtaja, ila mara moja tu, akiwa na homa. Sasa mdomo wa Zam ulikuwa unakimbizana na picha kama vile uani harusini, na jina likatoka kabla hajalishika.

"Hapa iko Ludara! Stoo ya tumbaku ile! Na ndani ya gunia iko nani? Iko Lado, fundi wa baiskeli!"

Akangoja kicheko. Hakikuja. Muzamili alikuwa amesimama. Babu yake, Kamis, aliuawa Ludara mwaka ule, na mpaka siku hiyo ukoo haukujua mwili ulitupwa wapi.

"Rudia jina."

"Muzamili, hii ni sinema tu."

"Dada, haboba yako alikuwa pale. Sisi wote tunajua. Rudia."

Hakurudia, lakini haikusaidia. Wanaume kama ishirini walitoka wakiangusha mabenchi, na boda zikawaka moja baada ya nyingine. Zam alinyakua spika ya mkononi, ile ya kutangazia filamu barabarani, akarukia boda ya mwisho.

Alipofika Ludara walikuwa wameshamtoa Lado kwenye kibanda chake cha baiskeli, kando ya stoo ile ya tumbaku. Mzee wa miaka sitini na kitu. Meno ya mbele yalikuwa yamepotea kwa pigo la mnyororo. Alikuwa ameng'ang'ania gurudumu la baiskeli ili asiburutwe, wakamkata panga, na vidole viwili vikabaki kwenye spoku. Tairi lilikuwa limeshawekwa shingoni. Muzamili alikuwa anammwagia petroli.

"Nilibuni!" Zam alipiga kelele. "Ni mimi nilibuni!"

Jiwe lilimpasua juu ya jicho. "Sasa ndiyo unabuni," mtu akamjibu.

Basi akawasha spika, akafanya kazi anayoijua. Kwa sauti yake ya kibandani, kubwa, bila kutetemeka:

"Huyu mwenye panga iko Okuonzi, mtoto wa mama Driciru! Jana alibeba mama yake mugongoni mpaka hospitali. Leo iko kata vidole ya mzee! Huyu wa jiwe iko mwalimu Jude. Mwalimu, watoto yako ya shule iko ona wewe pale kwa uzio! Na wewe Nasuru wa kiberiti, harusi yako nani aliimba? Si mimi?"

Sauti ilifika barabarani, wanawake wakaja mbio. Okuonzi aliangusha panga. Jude alijificha nyuma ya wenzake, spika ikamfuata hukohuko. Nasuru alikisaga kiberiti chini ya kiatu kama anayeua nge.

Alibaki Muzamili, petroli mpaka viwikoni, spana mkononi.

"Nitaje na mimi."

"Muzamili," alisema Zam, "mjukuu wa Kamis, mutu hajui babu yake iko lala wapi."

Hapo Lado akasema, damu ikitangulia maneno. "Iko mimi. Gunia ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama yangu alikuwa magoti, bunduki kwa sikio. Niliinamisha kichwa mara nne. Babu yako alikuwa ya tatu."

Muzamili alimpiga teke la kifua, mbavu zikalia. Akainua spana. Zam alijitupa juu ya mzee, na spana ikashukia bega lake la kushoto. Spika ilikuwa bado inawaka. Waliokuwa barabarani walisikia mfupa ukivunjika.

Spana iliinuka tena. Ikakaa hewani.

"Alizikwa wapi?"

Mikono ya Lado haikuweza kuelekeza. Aliinamisha kichwa, mara moja, kuelekea kichuguu kilicho nyuma ya stoo. "Nilichimba mimi," alisema. "Siku ya pili. Peke yangu."

Muzamili akatupa spana. Akalivua tairi shingoni mwa mzee taratibu, asiguse sikio lake lililochanika kwa kipigo. Kisha akaokota panga la Okuonzi, akaenda kichuguuni, akapiga magoti na kuanza kuchimba nalo. Hakuna aliyekumbuka kuzima spika. Muda mrefu barabara nzima ilisikia panga likiingia kwenye udongo.