Sinia na Goti Langu

Shule niliacha darasa la tatu nikachunge mbuzi, lakini nimefundisha mwanafunzi wa chuo. Nilikuwa mpika chai wa ofisi moja hapo mjini. Wakaleta msichana wa atachimenti, yule wa chuo anayekuja kujifunza kazi, anasomea usimamizi. Badala ya meza wakampa sinia, akawa wangu. Miezi miwili tukaosha vikombe pamoja.

Siku mwalimu wake alipokuja kumkagua, msichana alikuwa na povu hadi viwikoni. Angeonekana hivyo, angefelishwa arudie mwaka. Nikamwambia, "Kimbia ukae kwa kiti cha karani aliye likizo." Halafu nikamkamata mwalimu pale kwa lifti.

"Yuko mkutanoni, mwalimu. Kunywa chai kwanza."

Nikampa vikombe vitatu, pamoja na hadithi ya goti langu lililogongwa na mkokoteni sokoni Kangemi, kuanzia siku mkokoteni wenyewe uliponunuliwa. Alipoponyoka, alimkuta msichana akiandika kwa bidii kwenye kompyuta ambayo haikuwa imewashwa. Akampitisha haraka, nadhani ili aende haja.

Msichana alipomaliza chuo wakamwandika kazi, na leo ndiye mkubwa wa ofisi ile. Anajua nani hapatani na nani, maana watu hawanyamazi mbele ya mbeba chai. Juzi nilienda kumsalimia, nikakuta mwanafunzi mwingine, tai shingoni, amebeba sinia.

"Madam, hata huyu?"

"Mwezi mmoja tu, mzee. Ajue watu kwanza. Na Alhamisi mwalimu wake anakuja." Akalitazama goti langu. "Bado linauma?"

Nikamwambia linauma sana.