Siku mama mkubwa alipouma chungu Lyulilo

Mama mkubwa wangu anafinyanga vyungu Ikombe, na siku ya soko huvileta Lyulilo kwa mtumbwi. Nikiwa likizo humsindikiza. Kazi yangu ni kubeba, na kueleza mambo ambayo hakuna aliyeuliza: kwa nini wale wadudu wadogo wa ziwani hupanda angani kama moshi, kwa nini maji ya mbali huonekana ya buluu.

"Profesa," huniambia, "shika chungu vizuri."

Mimi si profesa. Nilimsahihisha mara mbili, nikaacha.

Kwetu chungu hakinunuliwi kwa macho tu. Unakigonga kwa kidole kilichokunjwa. Kizima hulia kama kengele ndogo; chenye ufa, hata ule usioonekana, hulia kama ubao. Mama mkubwa huvigonga vyote vikishapoa kutoka motoni, na kibovu hakipandi mtumbwi. Jina lake sokoni limesimama hapo.

Safari hii mfanyabiashara wa Kyela mjini, mteja wake wa miaka mingi, alisimama bila kuchagua.

"Shikamoo mama. Leo sibebi," alisema kwa sauti ya juu, maana soko lilichangamka.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Vya safari iliyopita vitatu vimenirudia. Vinavuja. Wananiita tapeli, mama!"

Mama mkubwa akachukua chungu cha mbele, akakigonga. "Sikia hicho. Kizima."

Kililia kama ubao. Mteja akanitazama, kisha akatazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tulipokuwa mtumbwini mama mkubwa hakujibu maelezo yangu: hasikii vizuri. Nilidhani amenichoka.

Nikamwinamia mama mkubwa sikioni, nikamwambia kwamba kimelia kama ubao. Akakipapasa chungu ndani kwa mikono yote miwili.

"Basi nimekwisha," akasema. "Nitauzaje nisichokisikia?"

Niliwahi kusoma kwamba sauti hupita kwenye mfupa pia, na kwamba wapo wanamuziki walioharibikiwa masikio wakauma kijiti kilichogusa kinanda.

"Uma ukingo," nikamwambia. "Kidogo tu, halafu gonga."

"Huyu kachanganyikiwa," alimwambia mteja. Lakini akauma. Akagonga. Hakuna kitu. Nikakumbuka kwamba njia hii haisaidii kila aina ya uziwi, na kwamba ule ukurasa sikuumaliza.

Akachukua cha pili. Akagonga, akafumba macho, akagonga tena polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

"Kinalia," akasema, ukingo ungali mdomoni.

"Mama, unakula chungu?" mteja akauliza, akacheka mpaka akaketi mchangani.

Waliuma na kugonga rundo zima, mama mkubwa akiuma, mteja akihakiki kwa sikio. Vinne vikawekwa kando. Vilivyobaki mteja akavibeba vyote.

Mama mkubwa akakivunja kile cha kwanza kwenye jiwe, akachagua kipande cha kitako, akakifuta kwa kanga. Juu ya kipande kama hicho ndipo huanzia kufinyanga chungu kipya, akikizungusha kwa mkono.

"Hiki cha kesho," alisema, akanipa nibebe, akanishukuru: "Ndaga, mwanangu."

Mtumbwini nilieleza upya habari za wale wadudu: hukulia majini kama funza, kisha hutoka wote pamoja wakiwa na mabawa. Nilieleza kwa sauti iliyomfanya hata mpiga kasia ageuke. Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwongo," akasema.