Mvi za Mjomba

Kazi yangu ni kutazama michezo ya runinga, na mingi ni mibovu. Mamangu bado anawaambia majirani zetu hapa Malindi kwamba binti yake amesoma mpaka shahada ya udaktari ili alipwe kukaa kochini. Simlaumu. Mimi ni mwanasosholojia, na ninachochunguza ni nani hupewa kuwa nani: nani hupewa gari na mapenzi, nani hupewa panga. Ukishatazama vya kutosha huhitaji kungoja mtu afungue mdomo. Mweupe mwenye nywele laini, huyo ni mpenzi. Mwenye kanzu na ndevu, gaidi. Na mzee mweusi tii wa huku ndani, kwa Wagiriama, huyo ni mchawi hata kabla hajasalimia mtu. Nimeyaandika hayo, nimeyafundisha, na wanafunzi wameyanakili huku wakipiga miayo.

Halafu mjomba wangu akanipigia simu kutoka Vitengeni. Ni ndugu wa mamangu wa tumbo moja, fundi wa vitanda, aliyefiwa na mkewe, mtu wa mzaha tangu nimjue.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba. Sikia, mwenzio nimekuwa nyota!"

Watu wa filamu wametoka Nairobi, akasema, wanapiga picha za mchezo Malindi, wakapanda mpaka Vitengeni kutafuta mtu wa kuwa mchawi, na walipomwona yeye hawakutafuta tena. "Wamenambia nifuge mvi," akacheka mpaka akakohoa. "Watu wafuga kuku, mimi nafuga mvi!" Mimi sikuweza kucheka naye.

Asiyekaa huko ataona ni jambo dogo. Kwa kina mamangu, huko Ugiriamani, mzee hapaki piko kichwani kwa urembo. Anapaka rangi ile nyeusi ili aachwe aishi. Mvi zikionekana, mtu akiugua kwa jirani, neno mchawi hutangulia na panga hufuata, na mara nyingi anayelishika ni mtoto wa ndugu mwenye tamaa ya shamba. Wazee tunaowajua wamekatwa hivyo. Mjomba alikuwa akipaka kila wiki kwa mswaki mkuukuu, mpaka nyusi, na akikutana na mzee mwenzake mwenye kichwa cheusi kama chake walitaniana, "Kijana, waoa lini?" Nilikuwa nikicheka nao zamani, nikiwa mtoto nisiyejua wanacheka nini.

Nilimwendea mwelekezi wa filamu. Walikuwa wamekodi nyumba kubwa karibu na ufuo. Kijana mpole, akanipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini daktari, watu wanajua ni mchezo. Na mwishowe mchawi anashindwa."

Nikamwambia basi ampake unga mweupe, na wakimaliza auoshe. Akasema kamera haidanganyiki, wao wanataka uhalisia. Uhalisia! Hapo hapo mbele yetu alikaa msichana aliyepewa kuwa binti wa mji wa kale, buibui amelivaa kama pazia, Kiswahili chetu anakitamka kama ana kaa la moto mdomoni, na hakuna aliyemdai uhalisia. Nikauliza mbona mjomba asiwe fundi wa vitanda kwenye mchezo huo, maana ndivyo alivyo. Akatabasamu, akasema hiyo haina hadithi. Wallahi nilitoka pale bila kuaga.

Nikapanda Vitengeni. Nilimkuta bandani anapiga randa, na kichwa chake cheupe. Sikuwahi kukiona. Alikuwa amefanana na bibi yangu, mamake, kiasi kwamba nilisahau kusalimu.

"Mjomba, nakuomba, rudisha piko. Hao watakwenda zao, wewe utabaki hapa."

Akaweka randa chini. "Mpwa wangu, nimejificha ndani ya kopo lile la piko miaka. Mke wangu amekufa hajakiona kichwa changu. Niache nionekane kidogo."

"Utaonekana mchawi!"

"Nitaonekana. Wakimaliza nitapaka, turudi kwenye uoga wetu."

Nilimpenda mno siku ile, na nilimwogopea mpaka nikashindwa kunywa chai aliyonipikia.

Mchezo ulipoonyeshwa watoto wa Vitengeni walimshangilia njiani, naye aliwatolea macho wakakimbia kwa vicheko. Piko alikuwa amesharudisha, kama alivyoahidi. Nikaanza kupumua. Kisha mtoto wa jirani yake akashikwa na homa, akafa.

Mamangu alikwenda matangani. Alisimulia kuwa mtu mmoja alitoa simu akaonyesha kile kipande cha mjomba na kibuyu chake, simu ikapita mkono kwa mkono, na hakuna aliyecheka. Mimi miaka yote niliogopa kwamba watu wataamini filamu. Lahaula! Wale si wajinga, walijua fika kuwa ni mchezo. Walichouliza ni kingine. Hawa wa Nairobi hawamjui mtu hapa, na Vitengeni ina wazee tele, wamemjuaje huyu? Kwetu anayetafuta mchawi hategemei macho yake. Huenda kwa mganga, na mganga ndiye anayenyoosha kidole. Basi wageni nao, wakasema, hawakukosa kupitia kwa mganga, tena mganga mkubwa wa mbali asiye na jamaa hapa wa kumpendelea. Walikuja kutafuta mchawi wakamwendea yeye moja kwa moja. Na kama hana neno, mbona ameharakisha kujipaka tena?

Hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma. Nilimpigia simu mjomba papo hapo nikamwambia aje Malindi, na mama akamtandikia chumba. Akakubali. Ila akasema ana kitanda cha bwana harusi, amebakisha kukipaka vanishi, hawezi kumwaibisha mtu siku ya ndoa yake. Nilimgombeza, nikalia kwenye simu kama mtoto, akanibembeleza yeye.

Walimjia alasiri, bandani, jua likiwaka, na watu wakipita njiani. Sitaandika walichomfanya. Mamangu alimtambua kwa miguu yake. Hakuna aliyeona kitu, Vitengeni nzima, na mtoto mmoja wa ndugu yake alikuwa wa kwanza kuleta jembe la kuchimba kaburi.

Tulipokwisha kumzika tulirudi Malindi, mama akaketi sebuleni na wanawake waliokuja kumpa pole. Taarifa ya habari ikaanza. Msomaji akasema mzee aliyeshukiwa kuwa mchawi ameuawa, na pale palipotakiwa picha ya marehemu wakaweka mchezo: mjomba na mvi zake, wanja mzito machoni, kibuyu mkononi, anatoka kibandani taratibu na moshi nyuma yake. Nikatoka uani nikapiga simu kituoni, nikajitaja kwa vyeo vyangu vyote, nikawaambia yule ni fundi wa vitanda, yule ni mtu. Aliyepokea alikuwa msichana mwenye adabu.

"Pole sana, mama. Ndiyo picha safi tuliyoipata."

Niliporudi ndani walikuwa wanairudia. Wanawake wameinamisha vichwa. Nikaenda moja kwa moja kuizima runinga.

"Iwache," mama akasema.

"Mama, wamemfanya—"

"Naona walivyomfanya. Nina picha yake ya kitambulisho, basi. Sina nyengine anayotembea."

Nikakaa chini karibu yake, tukamtazama anavyotembea.