Mgomba wa Nyuma ya Bafu

Nyumbani kwetu Nshambya, mjini Bukoba, maji yalikuwa na safari. Yaliyoosha ndizi zilizomenywa yalisuuza masufuria, na yaliyosuuza masufuria yalikwenda kwenye ndoo ya kufulia matambara. Ya kuogea yalitoka bafuni kwa mfereji mdogo aliouchimba mama kwa jembe, yakapita kwenye shina la mbuni mzee, yakaishia kwenye migomba mitatu ya nyuma. Mmoja wa migomba hiyo ulikuwa ukizaa mkungu ambao mtu mmoja habebi. Tuliuita mgomba wa bafuni.

Mama hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliitoa Muleba wakati wa vita, tulipokimbia mabomu tukakaa kwa mjomba. Kule maji yaliletwa kichwani kutoka bondeni, na sisi tulikuwa tumeongeza wanywaji. Siku za mwanzo mama alinawa akamwaga maji uani. Mke wa mjomba akamtazama, akasema, "Wifi, hayo umemkaribishia nani?" Mama alicheka, lakini nadhani aliumia, maana hakumwaga tena ovyo mpaka anakufa.

Tuliporudi Bukoba maduka yalikuwa meupe. Sabuni haipatikani, mafuta ya taa hayapatikani. Tulichoma maganda ya ndizi, tukaloweka jivu lake, tukachuja, tukafulia. Tulipasua gogo la mgomba tukaliweka chini ya paa likawa la kukingia mvua, likioza tunaweka jingine. Nyasi tulizotandika sakafuni zikichakaa zilikwenda kwenye kibanja, shamba letu la migomba, na kibanja kikatulisha. Neno mazingira nililisikia redioni baadaye sana. Wakati ule mimi niliona ni umaskini tu, ingawa mama angenibishia, na huenda yeye ndiye alikuwa sahihi. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba.

Miaka ikapita, ukaja ugonjwa. Kaka yangu alirudi kutoka visiwani Muleba, alikokuwa akinunua samaki wa kukausha na kuwauza, akiwa amekonda hata mkanda wake unazunguka mara mbili. Kila mtu alijua. Hatukulitaja jina lake. Kazi ya kumwogesha ilikuwa yangu, kwa kuwa mama mgongo ulimsumbua na mdogo wangu alikuwa anaposwa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunikosesha utulivu.

Waposaji wa mdogo wangu walikuwa watu wa Muleba, na siku ya kuja kwao ilikwishapangwa. Watakula kwetu. Kwa Wahaya, hata sisi wa mjini tunaoswali, mgeni wa namna hiyo anakula ndizi, na ndizi zinatoka kibanjani kwako. Wakila, maneno yanaendelea. Wakiziacha kwenye sinia, wanaaga vizuri, wanasifu nyumba, na hamtawaona tena. Mdogo wangu alilijua hilo kuliko sisi sote. Tayari nyumba mbili za jirani hazikuwa zikila ndizi zetu, kwa sababu maji ya kumwogesha kaka yaliishia migombani. Walikuwa wakisema asante, kisha ng'ombe wao ndiye anayezila.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima aliyetupenda kweli, alikuja akakaa jikoni.

"Dada, nenda sokoni ukanunue mikungu miwili. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," mama akasema. "Na wewe umekwisha kujua. Ukijua wewe, Nshambya nzima imejua."

"Mae! Mimi nasema kwa faida ya mtoto."

"Mwenye kibanja akinunua ndizi, waitu, amesema nini? Amesema za kwake zina kitu."

Kaka akapaza sauti kutoka chumbani, maana kuta zetu za udongo hazikuficha lolote. "Nunueni tu! Ila muulizeni huyo muuzaji kama mimi sikuwahi kuoga kwake."

Jirani alicheka huku anajifunika mdomo kwa khanga. Mama hakucheka.

Jioni mdogo wangu alinifuata bafuni nikiwa nimeshika beseni. Alikuwa amelia. "Dada, mwaga kwingine. Mpaka wapite tu. Nakuomba."

Sikuona ubaya. Kesho yake nilimwogeshea kaka ndani ya beseni, nikalibeba mpaka kando ya njia nikamwaga. Kaka akawa ameketi kwenye kigoda, taulo mabegani. Akauliza, "Mbona leo sisikii maji yakitembea?" Sikujua kama huwa anayasikiliza. Nikamwambia mfereji umeziba. Akasema, "Basi uzibue. Wasije wakasema nimeacha kazi. Mimi siku hizi ni mkulima."

Siku ya tatu hivi, au ya nne, jirani yule yule alinisimamisha. Alisema kwa upole kwamba pale njiani watoto wanapita peku, itakuwaje? Na kwa haki, kama ningekuwa na mtoto anayepita pale, sijui kama nisingesema vile vile. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameniambia ugonjwa haupiti kwenye maji ya kuogea wala kwenye chakula. Nilimwamini. Lakini nilimwamini kama mtu anayekanyaga daraja la mti mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine bado ukingoni. Nisiseme majirani walikuwa wajinga, maana hata mimi niliponawa baada ya kumwogesha nilinawa mpaka ngozi ikauma.

Nikasimama na beseni langu. Nikimwaga njiani, watoto. Nikimwaga migombani, posa. Nilizunguka nyumba nalo, nikaenda hadi uzio wa kwa jirani, nikarudi, maji yananimwagikia miguuni. Mwishowe nilirudi nikayatia kwenye mfereji ule ule. Yalikwenda kwa mbuni, yakaenda kwa mgomba. Sijui hata leo kama ulikuwa uamuzi au uchovu.

Wageni walikuja siku ya mvua. Wanaume walikaa sebuleni. Wanawake tuliwaweka chumba cha pili, na mkubwa wao alikuwa shangazi wa yule kijana, mrefu, mwenye macho yasiyotulia kama yangu. Tuliwapa kwanza buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi. Alichukua tatu akazitafuna vizuri. Zilikuwa za ule mbuni mzee, ambao ulikunywa maji kabla ya mgomba. Nilimtazama akitafuna. Mbuni hakuna aliyekuwa ameutuhumu.

Kisha akaomba kwenda uani. Nilimpeleka. Choo chetu kilikuwa nyuma ya bafu, na aliporudi alisimama kwenye mfereji, akaufuata kwa macho mpaka mwisho. Shina lililokatwa mkungu asubuhi ile lilikuwa bado linatoa utomvu. Akarudi ndani.

Masinia yakaingia, moja kwa wanaume, moja kwetu. Ndizi kwa maharage, na samaki sato juu yake, mvuke unapanda kwenye majani. Mama akasema bismillahi. Shangazi hakunyoosha mkono.

"Mama," akasema, "yale maji ya bafuni mnayapeleka migombani?"

"Ndiyo. Tangu vita."

"Na mgonjwa mnaye?"

Mdogo wangu, aliyekuwa ameshika birika la kunawia, aliinamisha uso.

"Tunaye," mama akasema. "Anaoga pale pale."

Kaka, Mungu amrehemu, hakujua kukaa kimya. Tulisikia kitanda kikilia, kisha sauti yake: "Shikamoo, shangazi!"

Ikabidi aitike. "Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?"

"Naota mizizi, shangazi."

Shangazi alishikwa na kicheko kilichomtoka puani kabla hajakizuia, akapata aibu, akaziba mdomo. Kisha akageuka kuelekea sebuleni. Kule wanaume walikuwa wakila. Tuliwasikia wakisifu ndizi, mjomba mtu akisema ni laini, kijana mwenyewe akiomba aongezewe mchuzi. Kaka yake shangazi alikuwa pale, na mtoto waliyemlea alikuwa pale. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Angesema, "Acheni," wangeacha.

Aliutazama mlango wa sebuleni. Halafu akageukia sinia, akamega samaki, akala samaki. Akachovya kidole kwenye mchuzi. Ndizi za upande wake zilibaki kama kichuguu. Lakini hakusema lile neno.

Sinia la wanaume lilirudi na majani matupu. Ninavyojaribu kuwa mkweli, jambo hilo linanisumbua zaidi ya yote. Sisi tuliulizwa tukasema kweli. Wao hawakuulizwa kama wanataka au hawataki. Ndizi zilikuwa salama, hilo sasa nalijua kwa miguu yote miwili. Wakati ule sikulijua hivyo, na nilipeleka sinia lile kwa mikono yangu.

Wakati wa kuaga, shangazi alimvuta mama kando. Nilidhani ndio mwisho. Kumbe alitaka chipukizi la ule mgomba. "Mkung'ute udongo vizuri," akasema. Nililichimba mimi, nikalichonga mizizi, nikalikung'uta hadi likawa jeupe. Kila mtu hukung'uta udongo wa chipukizi, wadudu wasihame kibanja. Sisemi aliomba hivyo kwa sababu ile.

Posa ilikwenda vizuri. Kaka alifariki kabla ya ndoa, na mwili wake ulipooshwa mama hakutaka maji yale yaende popote ila kwenye shimo la kuoshea maiti, kama dini inavyosema.

Nilikwenda Muleba kumtembelea mdogo wangu baada ya kujifungua. Shangazi alikuwepo, amekuja kumlea mzazi. Nyuma ya bafu lao niliuona mgomba wa lile chipukizi letu, umenenepa, na chini yake mfereji mpya, kingo zake bado zina alama za jembe. Mdogo wangu alisema hakuuchimba yeye, akamtupia shangazi jicho.

Mchana shangazi alitenga ndizi mwenyewe, akaniwekea karibu. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtoto mchanga na nguo zake za kufuliwa kila saa, na mzazi anayekandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na yote yalikuwa yakiteremka kule kule nyuma. Sikuuliza ni za mgomba upi. Alikuwa ananitazama mkono. Nikamega tonge, nikala, naye ndipo akamega lake.