Mama Khisa na Safari ya Kasri

Nasimiyu, mama wa Khisa na mke wa Dalmas, hakuwa mchawi wala mwizi, lakini landhi nzima, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, ilimwogopa. Alikuwa na macho yule mama. Muuza maziwa akipita, Nasimiyu huchovya kidole, akakilamba, kisha akamkazia macho yule mtu mpaka ajione amekosa hata kama maziwa yake ni safi. Padre akihubiri juu ya sadaka, yeye huinama kutazama viatu vya padre. Dalmas mwenyewe, fundi wa breki za mabehewa, mtu mpole asiyeweza kudanganya hata akifundishwa, alinuswa kwanza kila jioni ndipo akapewa ugali.

"Kikulacho ki nguoni mwako," husema Nasimiyu, na huyasema hayo kama wengine wanavyosema amina.

Tusimlaumu bure. Baba yake kule Kimilili alipochukuliwa Kariakoo, jeshi la wapagazi, wakati wa vita vya kwanza, alimwachia rafiki yake ng'ombe amtunzie. Aliporudi, na mguu mmoja ukiburuta, akakuta ng'ombe wamekuwa wa rafiki, na mashahidi nao wamekuwa wa rafiki. Binti aliyekulia katika nyumba ile hakufundishwa kuamini watu. Alifundishwa kuwahesabu wanapoingia na wanapotoka.

Basi ikaja Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na tabia hiyo ikageuka kuwa kitu kingine. Wakikuyu walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa, wengine wakipelekwa wasikokujua, na aliyebaki mjini bila kibali alilala macho wazi. Pale karibu na bomba la maji alikuwapo fundi viatu mmoja Mkikuyu, Ephantus, mtu wa mzaha. Siku moja Nasimiyu alisema bombani, kwa sauti, kwamba kibanda cha Ephantus kina wateja wengi mno kwa mji wenye watu wengi wasio na viatu. Hakumwambia askari. Alisema tu, ndoo ikijaa. Wiki ile ile Ephantus akachukuliwa, na kibanda kikabomolewa. Nasimiyu alisikitika kama wengine, akashangaa nani aliyempeleka, akawashuku watu wawili watatu. Nafsi yake hakuishuku hata kidogo.

Sasa, mwaka huo wa hamsini na nne, wanawake wa kanisa wa pale landhi walikuwa na chama cha kushona. Kiongozi wao alikuwa Anyango, Mjaluo mnene mwenye sauti ya kuimbisha. Memsabu, yule mama wa Kizungu aliyewafundisha kushona, akataka kuwapa zawadi ya matembezi ya siku moja. Akawaambia wachague: ziwani kutazama ndege, Kariandusi kwenye mawe ya watu wa kale, au kasri la bwana mmoja kule juu ya Njoro. Wakasema kasri, wote kwa pamoja.

Nasimiyu hakuwapo siku hiyo, na hakuna aliyemwambia. Alijigundulia mwenyewe. Ijumaa jioni alisikia harufu ya chapati kutoka nyumba tatu, na hakukuwa na arusi wala matanga. Akaenda akasimama mlangoni kwa Anyango.

"Mnakwenda wapi?"

"Ah, Mama Khisa!" Anyango akacheka kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe. "Tulidhani mguu unakuuma. Ni safari ndogo tu."

"Mguu wangu haujaniambia kama unauma. Mnatoka saa ngapi?"

Hivyo ndivyo alivyoingia katika safari ile, bila kukaribishwa. Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye lori, amekalia ubao wa katikati ili awaone wote.

Wote aliwajua vizuri, isipokuwa mmoja. Huyo aliitwa Nekoye, mke wa Wamalwa, kijana Mbukusu wa kuchochea moto wa garimoshi. Wamalwa alikuwa amemleta miezi michache nyuma, akasema anatoka naye kwao. Nekoye alikuwa mwembamba, mkimya, na mtoto mchanga mgongoni. Nasimiyu alikwisha kumpima zamani. Akimsalimu kwa Kibukusu chao, "mulembe", yule hujibu "mulembe, mayi" bila kosa. Lakini baada ya salamu maneno yake humwisha, kama mtu aliyenunua chumvi ya senti tano. Kwani Mbukusu gani huyo asiyependa kuongea na mwenzake ugenini?

Lori la Owino, mwana wa Anyango, likapanda kuelekea Njoro, memsabu akiwa mbele na dereva. Walisimamishwa njiani penye gogo la kizuizi na askari, wakaachiliwa, maana asubuhi hiyo mvua ilikuwa ikinyesha na askari hawakutaka kutoka kwenye kibanda. Nasimiyu akaona jinsi Anyango alivyopumua.

Kasri lenyewe lilikuwa la mawe ya kijivu, na minara, na madirisha membamba ambayo hata paka angepita kwa kujibana. Mwenyewe alikuwa Ulaya. Memsabu akaweka mkono kwenye mlango mkubwa wa chuma na mbao, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Mlango hii nakuja na meli. Miaka yake mia nne. Nyumba yote ni kama ile ya mababu yake bwana."

"Mlango sawa," Nasimiyu akasema. "Lakini ukuta huu mimi naujua. Mawe yake yalipita steshini juzi, Dalmas akayaona. Mlango mzee umeozwa nyumba kijana."

Wanawake wakacheka, na memsabu naye akacheka ingawa hakuelewa. Wakaonyeshwa chumba cha kulia chenye meza ya watu thelathini ambapo hula mtu mmoja tu. Wakaonyeshwa ngazi za kushuka chini, gizani, na hapo Nasimiyu akakataa katakata. Kila mtu alikuwa amesikia habari za kachinja, wale wanaonyonya damu za watu na kuzipeleka kusikojulikana, na kama kuna nyumba iliyojengwa kwa kazi hiyo, basi ni ile. Mwanamume mmoja, vyumba vyote hivyo, na shimo chini! Walipokaribishwa chai jikoni akawaambia wenzake wasiinywe. Watapika yao nje, kwa maji watakayoyateka wenyewe.

Wakakubali. Nekoye akatumwa na debe kwenye tangi. Aliporudi, Nasimiyu akamwona akitokea pembeni mwa ukuta, ameinama mbele, debe liko mgongoni, na leso aliyoisokota ikilizunguka na kukaza juu ya paji la uso wake. Mtoto alikuwa amemhamishia kifuani.

Pale pale Anyango akaangusha sufuria. Mwingine akaanza kuimba tenzi katikati ya ubeti. Nekoye akashtuka, akateremsha debe haraka, akalitwika kichwani, maji yakamwagikia bega.

Nasimiyu aliyaona yote. Kwao mwanamke hubeba kichwani tangu anapoweza kusimama. Wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso ni wanawake wa Kikuyu, na kila mtu Nakuru anajua hivyo. Moyo ukamdunda kwa furaha mbaya, ile furaha ya mtu aliyesema mvua itanyesha na sasa anaona matone.

Baada ya kula, Nekoye akapotea. Nasimiyu akamfuata, nyuma ya jiko, mpaka kwenye kamba za nguo ambako mashuka makubwa ya bwana yalikuwa yakipepea. Kati ya mashuka akamwona mwanamke mzee, dobi wa nyumba ile, amemshika mtoto wa Nekoye. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mzee akamtemea mtoto mate kidogo kifuani, taratibu, akamnong'oneza. Kisha akamwita Nekoye kwa jina jingine, "Wamuyu, Wamuyu wangu," na mengine kwa Kikikuyu.

Nasimiyu hakujua Kikikuyu, lakini mate yale aliyajua. Bibi yake mwenyewe alimtemea Khisa vivyo hivyo, kumbariki, siku alipopelekwa kuonwa. Akasimama pale na shuka likimpiga usoni. Nekoye akageuka, akamwona. Hakukimbia. Alimtazama tu, akamvuta nyuma yake yule mzee, ambaye sasa ilikuwa wazi ni mama yake.

"Lori linaondoka," Nasimiyu akasema, akarudi.

"Ulikuwa wapi?" Anyango akamuuliza, na sauti yake ya kuimbisha ilikuwa imekauka.

"Kutazama nguo."

Tuseme ukweli: njiani Nasimiyu hakuwa akifikiria mate wala baraka. Alikuwa na hasira, na alikuwa na hofu. Kumficha Mkikuyu asiye na kibali lilikuwa kosa la kuwafunga watu. Dalmas angefukuzwa kazi, chumba cha reli kingechukuliwa, wao na vyombo vyao barabarani. Memsabu alikuwa pale mbele, kioo kimoja tu katikati. Neno moja kwake, na nyumba ya Dalmas ingepona. Kwa nini aangamie kwa ajili ya uongo wa Wamalwa?

Walipofika kwenye gogo, mvua ilikuwa imekatika. Safari hii alikuwapo ofisa kijana wa Kizungu amekaa kwenye gari lake, akasema wanawake wasemeshwe mmoja mmoja. Wasio Wakikuyu hawakuwa na kitabu cha kibali cha kuonyesha. Ulimi ndio ulikuwa kitabu chao. Koplo mzee akaja nyuma ya lori, akajitaja kwa majivuno kuwa ni Masinde na kwamba anajua lugha saba.

"Iko Mkikuyu hapa?"

Ndipo Nasimiyu akaona jambo ambalo hakulisahau. Hakuna aliyemtazama Nekoye. Wote, Anyango na wale wengine, waliokuwa wakisali naye kila Jumapili, walikuwa wakimtazama yeye. Walimtazama mdomoni.

Ikamwingia yote kwa mara moja. Wote walijua. Walijua tangu siku ya kwanza. Kasri lilichaguliwa kwa sababu ya yule mama dobi. Chapati zilipikwa kwa siri kwa sababu yake yeye, Nasimiyu. Katika lori zima alikuwapo mtu mmoja tu wa kuogopwa, na huyo hakuwa askari. Akamkumbuka Ephantus, na ndoo ikijaa, na sauti yake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Koplo alikwisha kumfikia Nekoye. "Wewe nani? Natoka wapi?"

"Bukusu," Nekoye akasema kwa sauti ndogo.

Uso wa koplo ukachangamka, maana kumbe naye alikuwa Mbukusu, akaanza kummiminia maneno ya nyumbani. Nekoye akafungua mdomo, akaufunga.

"Ngoja kwanza, mzee," Nasimiyu akasema kwa Kibukusu, akisimama. "Wewe ni ukoo gani?"

"Mimi? Babuya."

"Babuya!" Nasimiyu akapiga makofi. Akarudia kwa Kiswahili ili lori zima lisikie na ofisa asikie. "Jamani, njooni muone! Huyu ni mke wa Wamalwa, na Wamalwa ni mtoto wa Babuya. Wewe ni baba mkwe wake! Unamsemesha mke wa mwanao barabarani, unamtazama usoni, mbele ya Wazungu? Kwenu wakisikia watasema nini? Wewe binti, funika uso! Huoni baba mkwe wako amesimama hapo?"

Nekoye akavuta leso, akageuza mgongo. Koplo akarudi nyuma hatua kadhaa kama aliyekanyaga siafu. Mzee wa watu aliona haya kwelikweli.

"Mimi sikujua," akasema. "Nisamehe, mama. Pitisheni, pitisheni!" Akamwambia ofisa wote ni watu wa magharibi, na gogo likainuliwa.

Katika maneno yale yote hapakuwa na uongo hata mmoja. Wamalwa alikuwa wa Babuya kweli, na Nekoye alikuwa mke wake kweli. Nasimiyu akakaa. Lori likaenda mpaka landhi. Anyango alimgusa mkono mara moja wakati wa kushuka, kisha akauondoa.

Usiku huo Nasimiyu alimwambia Dalmas yote, bila kumnusa. Alfajiri akachemsha maziwa, akayatia kwenye chupa, akaenda kwa Wamalwa. Alitaka kumwambia yule binti kwamba akitaka kwenda kumwona mama yake tena, atamshikia mtoto. Hakuna jambo alilowahi kulitaka hivyo.

Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Akaenda kwa Anyango, akabisha. Anyango akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

"Mama Owino, Nekoye yuko wapi?"

"Nekoye?" Anyango akamtazama kwa upole, kama mtu anayetazama mgonjwa. "Sijui, Mama Khisa. Watu wa reli, unawajua. Wamehama tu."

"Jana mimi..."

"Jana ulitusaidia. Mungu akubariki." Hakuuachia mlango.

Ndani, mtoto mchanga akakohoa. Watoto wa Anyango wote walikuwa wakubwa. Mmoja wao ndiye aliyeendesha lori.

Wanawake wawili wakatazamana. Nasimiyu alikuwa na maneno mengi, na akaona kwamba hata angeyasema yote mpaka jioni, mlango ule usingefunguliwa. Akamkabidhi Anyango ile chupa ya maziwa.

Anyango akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nasimiyu alipokuwa ameshafika bombani, aligeuka. Akamwona Anyango bado yuko pale nje, amefungua kizibo, anachovya kidole kwenye maziwa.