Abiria wa Kiti cha Mbele

Omari Shemweta, mtu wa Korogwe, alikuwa na miaka arobaini na moja alipopewa kazi ya kumwendesha Joar Stenhult, beki wa Kiswidi aliyekuja Doha, Katari, kumalizia mpira wake. Haya alinisimulia mwenyewe, mchana kweupe, na kila alipofika mahali fulani alitazama pembeni kwanza.

Kampuni ya usafiri iliyomwajiri ilikuwa na mkataba na klabu moja yenye kiwanja chake upande wa Umm Salal. Kila siku ya mazoezi, saa tisa alasiri, Omari alikuwa chini ya ghorofa la Mswidi huyo kule mtaa wa The Pearl na gari jeupe lililosuguliwa likang'aa. Alimpeleka, akamsubiri, akamrudisha. Kwa mtu aliyeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma miaka kumi na miwili, kazi hiyo ilikuwa kama mapumziko.

Joar alikuwa na miaka thelathini na mitano. Mrefu, nywele zimeanza kumkimbia, nyusi zote mbili zina makovu ya vichwa alivyogongana navyo hewani. Alikaa nyuma, upande wa kulia, siku zote. Wiki ya kwanza alisalimia tu, kisha akatazama majangwa yakipita. Wiki ya pili alimkuta Omari akisikiliza mpira wa nyumbani kwenye simu.

"Na wewe ulicheza?" akauliza kwa Kiingereza, lugha waliyokutania.

"Kidogo, Mista Joar. Shuleni. Namba nne."

"Beki wa kati?" Mswidi akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi sisi ni wa ukoo mmoja."

Tangu siku hiyo akawa anamsimulia maisha yake kipande kipande, kipande kimoja kila safari. Alizaliwa kaskazini, katika mji mdogo wa watu wanaopasua mbao, ambako kiwanja kilikuwa chini ya theluji mpaka mwezi wa nne. Akiwa na miaka kumi na saba aliingizwa timu ya wakubwa kwa sababu beki wao alivunjika mguu. Hakutoka tena. Kushoto kwake alicheza kijana mwingine wa mji huohuo, Rasmus, na wakacheza pamoja misimu tisa. Walichukua kombe mara moja. Aliitwa timu ya taifa mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani na jezi kavu, kwani hakuinuka benchini. Baadaye akaenda Denmaki, halafu Uturuki, halafu hapa.

"Beki mzuri ni yule ambaye mtangazaji hamtaji," alisema. "Ukisikia jina langu redioni, ujue nimeshachelewa."

Omari alizipenda safari hizo. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja, wakiwa wameshayaacha maghorofa ya West Bay nyuma yao, Joar aliuliza, "Na wewe kwa nini uliacha malori?"

"Ajali," Omari akajibu. "Mlima mmoja unaitwa Kitonga, kwetu. Tulikuwa madereva wawili kwenye lori, mimi na shemeji yangu Iddi, kaka wa mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alisinzia. Akafa palepale."

Maneno yale alikuwa ameyasema mara nyingi, kwa polisi, kwa tajiri wa lori, kwa wakwe. Yalimtoka bila kukwaruza. Mara tu alipoyamaliza, kengele ya mkanda ikaanza kulia.

Ting. Ting. Ting.

Kwenye dashibodi kiliwaka kile kipicha chekundu cha mtu aliyefungwa mkanda. Gari lilikuwa linasema kuna mtu amekaa kiti cha mbele na hajafunga. Kiti kilikuwa kitupu. Hapakuwa hata na chupa ya maji.

Omari alikigonga kiti kwa kiganja. Kengele haikunyamaza. Mwisho alisimamisha gari kando, akavuta mkanda wa kiti kitupu, akaufunga. Kimya. Joar, nyuma, alikuwa anakitazama kiti kile.

Kesho yake ililia tena, pale alipowasha gari. Na keshokutwa. Alilipeleka kwa fundi wa kampuni, Mhindi mmoja mpole wa Kerala aliyeunganisha kompyuta yake, akapima, akainua mabega. "Kiti kizima. Mkanda mzima. Mimi nitengeneze nini?" Hata hivyo alibadilisha kifaa cha chini ya kiti. Jioni kengele ikalia.

Omari alimweleza Japheth, Mkenya wa Vihiga aliyekuwa mlinzi kwenye ghorofa la Mswidi. Japheth alikuwa mtu wa kanisa na wa mzaha kwa pamoja.

"Buda, hiyo ni sensa ya kiti imekufa tu," alisema. "Wewe unaogopa gari? Hebu fungua nikae."

Ilikuwa saa nane mchana, jua la Doha limelipika gari mpaka usukani haushikiki. Japheth akajitupa kwenye kiti cha mbele. Hakumaliza hata kuuvuta mlango. Aliruka nje, akajishika nyuma ya mapaja.

"Manze! Hiki kiti kimekuwa friji?"

Omari akaweka mkono. Ngozi ya kiti cha dereva ilikuwa inaunguza. Ngozi ya kiti cha pili ilikuwa ya baridi, tena mbichi kidogo, kama nguo iliyoanikwa siku ya mvua. Japheth hakutania tena. Siku zile nyingine zote, gari likifika, alisimama mbali akapunga mkono.

Omari akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Aliufunga mkanda wa kiti kitupu mapema, kabla ya kengele kuanza, kama anayemfungia mtoto. Siku zikapita hivyo.

Mwezi wa kumi na mbili timu ilifungwa mabao mawili, yote yakipitia upande wa kushoto wa Joar. Njiani kurudi alikuwa amejifunika taulo kichwani. Akaanza kusema bila kuulizwa.

"Sijakuambia Rasmus alikufaje. Asubuhi ya mechi alinifuata akasema kifua kinambana. Mimi nilikuwa nahodha. Nikamwambia, vumilia, mechi moja tu, kesho utapumzika. Dakika ya sitini na moja nilimwita, 'Kushoto!' Hakuitikia. Nilipogeuka alikuwa amelala kifudifudi. Moyo."

"Pole sana, Mista Joar."

"Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mama yake. Nikamwambia ni mimi niliyemwambia acheze. Alinifukuza. Nikarudi tena mwaka uliofuata, akanikaribisha kahawa. Sasa huwa nakwenda kila kiangazi." Akaondoa taulo kichwani. "Lakini bado namwita uwanjani. Na yeye bado anaitikia. Sijui ni masikio yangu au ni nini. Nimeshazoea."

Omari alihisi mzigo umemtoka kifuani. Kumbe ndiyo hivyo! Mzuka ule ulikuwa wa Mswidi. Umekuja naye kutoka kwenye theluji yake, hauna habari na watu wa Korogwe. Usiku huo alilala vizuri, na safari iliyofuata akapata ujasiri wa kuuliza.

"Mista Joar, samahani. Huyu rafiki yako Rasmus. Ndiye anayekaa hapa mbele?"

Kwenye kioo aliona macho ya Joar yakimtazama, meupe na yaliyotulia.

"Hapana," akasema. "Rasmus alikuwa beki wa kushoto kwangu. Akija, anakaa hapa." Akapapasa kiti cha nyuma kilichokuwa kitupu kando yake, upande wa kushoto. "Huyo wa mbele si wangu. Mimi nilidhani unajua ni nani."

Mikono ya Omari ilifuata barabara mpaka kiwanjani.

Januari ukungu huja Doha asubuhi, mzito, unameza maghorofa yote ukabakiza taa nyekundu za juu. Asubuhi moja kama hiyo Joar alikuwa apelekwe hospitalini kupigwa picha ya goti lililokuwa linamsumbua. Walikuwa barabara ya kaskazini, magari yanatambaa, huoni zaidi ya hatua ishirini. Omari alikuwa ameufunga mkanda wa kiti kitupu kama kawaida yake. Kengele ikalia hata hivyo.

Ting. Ting. Ting.

Akageuka. Mkanda uliokuwa umefungwa juu ya kiti kitupu ulikuwa unapanda na kushuka. Taratibu. Unapanda, unatulia, unashuka, kama umelala juu ya kifua cha mtu aliye usingizini.

Alilitoa gari barabarani, akasimama kwenye kokoto, akawasha taa za tahadhari. Jasho lilikuwa linamtoka na kipoza hewa kinavuma. Ukungu uliyafunika madirisha yote, na kwa muda hakujua kama yuko Katari au yuko Kitonga alfajiri ile, wakishuka na shehena, ukungu uleule mbele ya kioo.

"Nilikudanganya," akasema, bila kugeuka. "Hakuwa Iddi kwenye usukani. Nilikuwa mimi. Yeye alikuwa amelala, pembeni yangu. Ilikuwa zamu yake kulala. Nilisinzia mimi. Tuligonga ukuta wa mlima kwa ubavu wa kushoto, upande wake. Mimi nilitoka na mchubuko. Polisi waliponiuliza, nikasema yeye. Maiti haikatai."

Joar akasema polepole, "Mimi si mtu wa kuambiwa hayo, Omari."

"Najua."

"Basi."

Aliutazama mkanda. Ulikuwa umetulia. Kipicha chekundu kilikuwa bado kinawaka.

Alimfikisha Joar hospitalini, akaegesha gari, akabaki na simu mkononi. Ukungu ulikuwa unachanika na jua linaingia. Akampigia mkewe Asha, Korogwe.

"Baba Zuhura, mbona saa hizi? Kuna nini?"

"Asha, kaa kitako. Nataka kukuambia habari ya Iddi."

Akamwambia. Yote, bila kujipunguzia. Alipomaliza alisikia kuku upande wa pili, na mtu anatwanga mbali. Asha hakupiga kelele.

"Baba ndiye aliyemwosha kaka," hatimaye akasema. "Alitoka mle ndani akasema ubavu wa kushoto umesagika wote, na kulia hakuna hata mkwaruzo. Usukani wa lori uko kulia, Omari."

"Mlijua?"

"Tulijua toka siku ya mazishi."

"Miaka saba! Mbona hamkusema?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe," Asha akasema. Kisha sauti yake ikakatika, akakata simu, na hakupokea tena kwa siku tisa.

Omari alikaa garini mpaka adhuhuri. Wakati wa kuondoka aliwasha gari, akasubiri. Hakuna kilicholia. Akaweka mkono juu ya kiti cha mbele. Kilikuwa kinaunguza, kama kiti chochote kilichoachwa juani.

Goti la Joar lilikuwa limekwisha. Alicheza mechi nne zaidi, amefungwa bandeji, na katika ile ya mwisho, mwezi wa nne, mtangazaji hakumtaja hata mara moja mpaka alipotolewa. Alirudi kaskazini kwao, na sasa anafundisha ukabaji watoto wa shule. Siku ya uwanja wa ndege alimshika Omari mkono, akauliza, "Umeshakwenda kwa baba yake Iddi?"

"Likizo yangu ni mwezi ujao."

"Nenda. Hata akikufukuza."

Gari lile alipewa Levis, dereva Mganda, na Levis hajawahi kusikia lolote ndani yake ila redio yake mwenyewe.

Omari alifika Korogwe siku ya Ijumaa. Asha alimpokea mzigo, hakumtazama usoni. Alasiri alikwenda kwa mkwewe, mzee Kiluvia, fundi cherehani asiye na maneno mengi. Mzee alimwona mlangoni, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Omari alisimama mpaka miguu ikamuuma, akaondoka. Jumamosi ikawa vilevile. Majirani walipita wakatazama.

Jumapili cherehani ilinyamaza.

"Ingia," mzee akasema. "Kaa hapo. Sikuiti nikusamehe. Hilo bado sijaliona. Nakuita uniambie kitu kimoja, kwa kuwa wewe peke yako ndiye uliyekuwepo. Mwanangu alisema nini kabla hajalala?"

Omari alitafuta. Miaka saba alikuwa ameifunika alfajiri ile yote, na sasa ilibidi aifunue mpaka alipoipata ile sauti.

"Alisema nimwamshe tukifika Ruaha Mbuyuni," akajibu. "Alitaka ashuke anunue vitunguu, vya kumletea mama."

Mzee Kiluvia aliinamisha kichwa juu ya kitambaa alichokuwa akishona. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa uani, akamwambia aje, asikie.