Fundi wa Kugawa Vyumba Aambiwa Agawe Chake

Saa tatu asubuhi, fundi amepiga magoti sakafuni, penseli sikioni, anapima chumba cha watu. Hadi jioni ukuta wa mbao nyembamba utakuwa umesimama katikati, chumba kiwe viwili. Kodi nayo itazaa.

"Wananiita Baba Nusu," anasema akicheka. "Hata mke wangu siku hizi ananiita hivyo, akikasirika."

Mtaa huu una watu kuliko vyumba, na wengine wanazidi kushuka na mabegi yao, kwa kuwa kazi ziko hapa. Mwenye nyumba hana haja ya kujenga. Anamwita fundi.

Kazi hii imemlisha miaka tisa, ila mwezi huu imemgeukia. Mama mwenye nyumba anayopanga alimwita, akamkaribisha chai, kisha akamtaka akigawe chumba anacholala yeye na mkewe. Nusu watakayobakiwa nayo wataendelea kuilipia kodi ileile.

"Mama, si uniongezee kodi tu?" alimsihi.

"Nikikuongezea utahama, mwanangu. Nikigawa napata wawili. Si wewe uliyenifundisha?"

Ni kweli. Mwaka juzi alimgawia vyumba vyote vya chini, tena akamsifia faida yake. Alijipalia makaa mwenyewe, na inauma kumtazama akilikiri hilo.

Chumba chake kina dirisha moja. Katika kazi hii dirisha hupewa mpangaji mpya, maana ndiye anayekuja kukagua kabla ya kulipa. Mpangaji wa zamani hana pa kukimbilia. Lakini chini ya dirisha hilo ndipo ilipo cherehani ya mkewe, na bila mwanga wa mchana hakuna ushonaji.

"Umewatia watu gizani miaka yote hiyo, Baba Nusu," mkewe alimwambia huku akitunga uzi. "Leo ni zamu yetu."

Fundi alikwenda kumwomba mama mwenye nyumba ukuta uishie usawa wa kichwa, juu yake kiwekwe kioo, mwanga ufike pande zote mbili. Amekubaliwa, ila kioo atanunua mwenyewe.

Akimaliza, anataka kurudi kwenye vyumba vya chini, akate sehemu ya juu ya kuta zote ili mwanga upite, bila malipo.

"Nilipowazibia mwanga sikumuuliza mtu," anasema. "Safari hii nitapiga hodi."